Anzia kisimani, sanduku litafuata

Binti wa kaka yangu anafanya kazi ya ofisi Dodoma. Mwezi uliopita alinipigia simu usiku. "Shikamoo shangazi. Wanawake wa kijijini kwa mama mkwe wangu wanataka kuanzisha kikundi cha kuweka na kukopa kama chenu. Wameshachanga hela ya sanduku la akiba. Niwaambie nini?" Nikamwambia warudishiane hela yao kwanza. Akacheka akidhani namtania, na salio lake likaisha kabla sijamweleza. Haya basi, namweleza hapa, na mwingine mwenye shida kama hiyo asome.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wanawake huku Iramba, mkoa wa Singida. Nimekaa vipindi viwili kwenye halmashauri ya kijiji, shule niliishia darasa la saba, na karibu yote nitakayoyasema nimeyakosea kwanza ndipo nikayajua. Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Aprili. Tunalima alizeti, mtama, uwele na viazi vitamu, na hakuna nyumba isiyo na kuku. Unayesoma ukiwa Rungwe au Muheza, badilisha miezi, mengine yatakufaa.

Kikundi chetu cha kwanza kilikufa mwaka 2011. Walikuja watu wa mradi na gari jeupe, wakatuita wanawake 32, wakatufundisha siku mbili maana ya neno "uwezeshaji", wakatupa fulana na vifaranga 200 wa kisasa. Banda tulijenga wenyewe. Ratiba ya kulisha ikabandikwa ukutani: asubuhi, saa nane mchana, jioni. Hakuna aliyetuuliza saa nane mchana tunakuwa wapi. Ilikuwa Septemba, na saa nane ya Septemba mwanamke wa kijiji chetu yuko kwenye foleni ya kisima, au yuko korongoni anafukua mchanga apate ndoo moja. Vifaranga wakashinda na kiu, kisha kideri, ule ugonjwa wa kuku, kikapita kikamaliza waliobaki. Wiki tatu, tumebaki na fulana. Yangu niliifanya dekio.

Ndiyo maana nasema sanduku baadaye.

Punje 24

Chagua siku isiyo ya mnada, isiyo Ijumaa mchana wala Jumapili asubuhi, wala siku ya kliniki ya watoto. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji umwambie mnataka kukaa na watu. Kikao asichokijua yeye kitaitwa cha siasa kabla jua halijazama. Mwambie mnataka kuhesabu kazi za siku, basi. Usitaje jinsia, usitaje haki. Si maneno mabaya, ila huku yamechoshwa na semina. Mtu akiyasikia anaanza kungojea posho.

Waite wanaume na wanawake, waketi makundi mawili. Kila mtu apewe punje 24 za mahindi, punje moja ni saa moja. Chora vumbini duara, uligawe: kulala, maji, kuni, kupika na kuosha, shamba, mifugo, watoto na wagonjwa, kazi ya kuleta hela, soga. Kila mmoja apange punje zake kwa jinsi alivyoishinda siku ya jana. Angalia hapo: sema jana, usiseme siku ya kawaida. Ukisema siku ya kawaida mtu atakupangia siku anayoitamani.

Wanaume wapange kwanza, na wapange wenyewe. Hata wakipunja soga, nyamaza, watasahihishana. Halafu kila kundi liende kutazama vumbi la mwenzake.

Kwetu ilikuwa mwezi wa Septemba tena. Kwenye kazi ya maji wanawake wengi waliweka punje tano, wengine sita. Kwenye duara la wanaume palikuwa na punje mbili tu, za kijana mmoja anayeuza maji kwa punda. Nilikuwa nimejiandaa kuhutubia, nina maneno yangu kichwani. Sikuyasema. Mzee mmoja alikuwa amechuchumaa mbele ya punje za mkewe, akachukua moja kutoka kwenye kulala akaiweka kwenye maji. "Huyu halali saa sita," akasema. "Namsikia anavyoamka." Hakuna hotuba ingeyazidi hayo, na ingekuwa imetoka kwangu ingeleta ubishi.

Kisha chagueni jambo moja tu, lile lililokula punje nyingi. Watu watataka kutaja kumi: zahanati, barabara, mashine ya kusaga, umeme. Yaandike yote kwenye daftari ili asione mtu kadharauliwa, lakini mnalolibeba liwe moja. Letu lilikuwa maji. Kijiji kina utaratibu wa serikali wa kupanga mambo kutoka chini, unaitwa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, na ulipotufikia tulikuwa na la kusema, tena lenye hesabu. Vijiji vingi huulizwa vipaumbele na mwenye sauti nene ndiye hujibu.

Sasa sanduku

Kuweka na kukopa kwa hisa si jambo geni. Mtindo huu wa sanduku ulianzia Niger mwaka 1991, Maradi, kwa wanawake walioanza na akiba zao wenyewe bila mtaji wa mtu. Sisi huku tunauita kikoba. Nitasema yale ambayo watu huyaruka.

Watu wawe 15 hadi 25, wanaokaa jirani, wanaojuana madeni. Usikusanye kata nzima. Wake wa viongozi wasizidi wawili. Si kwa ubaya, ila mwanachama wa kawaida hamwambii mke wa mwenyekiti "umechelewa, toa faini".

Bei ya hisa ndiyo inayoua. Ukiuliza kwa mdomo, kila mtu atasema elfu mbili kwa sababu jirani anamsikia. Sisi tulipitisha kibuyu. Anayeweza hisa ya 500 anatumbukiza punje ya mtama, ya 1,000 punje ya mahindi, ya 2,000 harage. Tulipomimina, mitama ilikuwa mitano tu kati ya watu 20, na tukachukua 500. Usifuate wengi wape hapa. Mwenye nacho atanunua hisa tano kwa kikao, ndiyo mwisho wake. Asiye nacho atanunua moja na atakuwa mwanachama kamili. Mwaka wa tatu tukapanda hadi 1,000, kwa kibuyu kilekile. Hesabu yake ni rahisi: watu 20, kila mmoja hisa tatu kwa wiki, ni 60,000, na kwa wiki 50 ni milioni tatu. Hela hiyo inatoka mifukoni mwa watu ambao wote waliambiwa hawakopesheki.

Sanduku liwe na kufuli tatu, funguo zikae nyumba tatu zisizo za ndugu, na sanduku lenyewe nyumba ya nne. Vitabu vya wanachama vifungiwe humo humo. Kitabu kikienda nyumbani mume atakijua, shemeji atakijua, na wiki hiyo hiyo mtu atapata msiba wa ghafla. Mfuko wa jamii, ule wa ugonjwa na msiba, uwe na mfuko wake wa kitambaa, hela zake zisilale pamoja na za hisa hata siku moja.

Kila mwanachama awe na namba. Kikao kikianza, mhesabu fedha anauliza: "Wiki iliyopita tulifunga na shilingi ngapi?" Wote wanajibu kwa kichwa kabla sanduku halijafunguliwa. Wasiojua kusoma ndio wanaokumbuka vizuri kuliko sisi. Nalisema kwa sababu mimi, katibu, mwaka wa kwanza nilimkopesha wifi yangu 30,000 siku ya mazishi, nikasema nitaiandika kesho. Kesho hiyo sikuikumbuka. Aliyeikumbuka ni namba 14, bibi asiyejua kuandika jina lake, akaitaja mbele ya wote kikao kilichofuata. Nililipa mimi, na faini juu. Wifi yangu hakunisalimia mpaka mavuno.

Riba tulianza na asilimia 10 kwa mwezi kama tulivyofundishwa. Tukaona wakopaji ni walewale maskini na wanaogawana riba ni wenye hisa nyingi, tukashusha hadi 5. Kukopa kusizidi mara tatu ya akiba. Na mtu akishindwa, kaeni naye kabla hajakimbilia kausha damu. Ile mikopo ya kulipa kila siku imeshaondoa vitanda na masufuria nyumba nyingi huku.

Mgao. Vikundi vingi huvunja Desemba kwa sababu ya sikukuu, vingine Juni kwa sababu mwaka wa serikali unaisha. Tazama kalenda ya shamba lako. Kwetu Juni alizeti imevunwa na hela ipo mkononi. Ukigawa Juni umemwagia maji mtoni. Novemba ndipo hakuna kitu, na ndipo jembe la ng'ombe na mbegu vinapotakiwa. Tunavunja wiki ya pili ya Novemba, na kila mmoja anaacha sehemu ya sare na madaftari ya Januari, anayechukua yote bila sababu anasemwa. Faida nyingine hatukuitegemea: wenye akiba hawauzi alizeti ikiwa bado shambani. Wanaweka magunia ndani wakisubiri bei ipande, au wanakamua na kuuza mafuta, mashudu wanabaki nayo kwa ajili ya mifugo.

Kuku tulirudi nao, safari hii wa kienyeji. Chanjo ya kideri ni ya tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, na chupa moja inatosha kuku wengi sana kuliko wa nyumba moja, tena ikishachanganywa haisubiri kesho. Mtu mmoja hawezi. Kikundi kinaweza: siku moja, alfajiri kabla kuku hawajatoka, vijana wawili wanazunguka kitongoji kizima. Hata wasio wanachama tuliwachanjia kwa malipo madogo, kwa sababu kuku wa jirani asiyechanjwa ndiye mgonjwa wako wa kesho.

Kusajili kikundi ni lazima. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inaviweka vikundi kama vyetu daraja la nne, na mlango ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mpelekee katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao cha kuanzisha na majina. Usajili huo huo ndio mtakaouhitaji mkija kuomba mkopo wa halmashauri ya wilaya, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Hauna riba. Ulisimamishwa 2023, ukarejeshwa 2024. Ushauri wangu: msiuombe mwaka wa kwanza. Kikundi kisichojua kurudishiana elfu tatu kitagombana vibaya kwa milioni tatu.

Makaburi yaitwayo mengineyo

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo vikundi vingi huishia mlangoni.

Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Unapaswa kukaa kila miezi mitatu, na hakuna chombo cha kijiji kilicho juu yake. Nilivyokuwa msichana niliona wanawake wakihudhuria kwa migongo: wameketi nyuma, wanachambua mboga, wanapiga kura kwa kufuata mkono wa waume. Si kwamba hawakuwa na maneno. Kusema mbele ya watu ni kazi ya kujifunza kama kusuka mkeka, na hakuna aliyewapa mahali pa kujifunzia.

Kikoba ndipo mahali hapo. Kwa hiyo msiwaachie mwenyekiti na katibu wale wale kuongoza kila wiki. Kwetu kila mwanachama ni lazima aongoze kikao kimoja kwa mwaka, namba kwa namba. Wa kwanza walitetemeka. Namba 9 aliongoza akiwa amejifunika uso kwa kanga. Lakini baada ya mtu kumtoza faini mwenyekiti wake kwa kuchelewa, mbele ya watu 20, na dunia isianguke, kumwambia mtendaji "naomba ufafanuzi" si jambo kubwa tena.

Sasa namna ya kuingiza hoja. Mtendaji wa kijiji ndiye katibu wa mkutano na ndiye anayepanga ajenda pamoja na mwenyekiti. Mwandikieni barua wiki mbili kabla, mistari mitano, isainiwe na watu wengi, mbaki na nakala yenye muhuri wake wa kupokea. Mwombeni hoja iwe ajenda yenye namba. Wakiwaambia "mtaisema kwenye mengineyo", kataeni kwa adabu. Mengineyo huja saa kumi na moja jioni, wanawake wameshaondoka kupika, na mwenyekiti ameshasimama. Hoja zetu za miaka mingapi zimezikwa humo!

Kabla ya mkutano gawaneni maneno. Sisi tulipanga wasemaji watatu kwa hoja moja: aanze bibi anayeheshimika, ambaye hakuna kijana atakayemkatiza, afuate mama mwenye mtoto mgongoni, aseme kwa hesabu, amalizie mwanaume. Ndiyo, mwanaume. Nimewahi kugombezwa na wasomi kwa hili, kwamba kwa nini sauti ya mwanamke ithibitishwe na ya mwanaume. Wana haki yao. Mimi nilitaka maji. Msiketi pamoja kama kwaya. Tawanyikeni, kila upande pawe na mtu wa kuitikia.

Mara mbili tulifika na mkutano ukavunjika kwa kukosa akidi. Mara ya tatu tulipita nyumba kwa nyumba jioni ya kuamkia mkutano tukawaita watu wenyewe, maana mbiu ya mgambo ilikuwa imepigwa upande mmoja tu wa kijiji.

Ajenda yetu ilikuwa mahali pa kituo cha kuchotea maji. Mradi ulikuwa umekuja, tenki limeshajengwa, na kituo cha upande wetu kilikuwa kimepangwa karibu na vilabu vya pombe, kwa sababu pale ni tambarare na barabara inafika. Namba 3, mama yule wa mtoto mgongoni, alisimama na kibuyu, akamimina punje mbele ya meza. Akahesabu: tano ni za maji leo, kituo kikiwa vilabuni zitabaki tatu, kikiwa njia panda ya zahanati itabaki moja. Na akaongeza, polepole, kwamba saa moja jioni hakuna baba hapa angependa binti yake apite vilabuni na ndoo kichwani. Palinyamaza. Kituo kikahamia njia panda.

Lakini sikiliza hili, ndilo nililolijua nikiwa mjumbe wa halmashauri: lililosemwa mkutanoni halijatokea mpaka liwe kwenye muhtasari. Ombeni maazimio yasomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika. Siku ile, mtendaji aliposoma, palikuwa pameandikwa "wananchi walijadili suala la maji". Kwa nia mbaya au kwa uchovu, sijui. Bibi yetu akanyanyua mkono: "Mwanangu, andika njia panda." Akaandika. Tukapiga picha ukurasa kwa simu. Miezi miwili baadaye fundi alipokuja na ramani ya zamani, picha ile ndiyo iliyomgeuza.

Na maji yakishatoka, kazi haijaisha. Tangu RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, ianzishwe mwaka 2019, miradi ya vijijini huendeshwa na jumuiya za watumia maji zinazochaguliwa na watu. Gombeeni uweka hazina. Usiridhike na ukatibu msaidizi wala "mhamasishaji". Hicho ni cheo cha kuimba nyimbo siku mgeni akija. Anayeshika daftari la mapato ndiye anayejua kwa nini bomba limekauka.

Jina kwenye hati

Ardhi ni habari nzito na niliiacha hadi kikundi kilipofikisha mwaka wa nne. Ukianza nayo utapata maadui kabla ya marafiki.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inasema haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanaume, na kifungu cha 20 kinabatilisha mila inayomnyima. Hilo ni zuri kulikariri. Upande wa urithi, bado kuna tamko la sheria za mila la mwaka 1963 ambalo linamwacha mjane bila fungu ikiwa marehemu ana jamaa wa ukoo, ati sehemu yake ni kutunzwa na watoto. Kwa hiyo usingoje kifo ndipo uulize shamba ni la nani. Jina liandikwe mume yu hai, ana akili zake, na wote wawili wanacheka.

Njia ni Hati ya Hakimiliki ya Kimila. Kijiji kiwe na cheti chake cha ardhi na mpango wa matumizi ya ardhi. Kama havipo, hiyo ndiyo ajenda yenu ya mkutano ujao, yenye namba. Vikiwapo, mnaomba kwa halmashauri ya kijiji, shamba linapimwa majirani wa mipaka wakiwepo na kusaini, hati inasainiwa na kusajiliwa. Fomu ina nafasi ya majina ya wenza. Siku ya upimaji mwanamke awepo shambani kwa miguu yake, na picha yake ya paspoti iwe tayari. Nimeona hati zenye jina moja si kwa sababu mume alikataa, ila mke alibaki nyumbani kuwapikia wapimaji.

Chunguza pia Baraza la Ardhi la Kijiji. Wajumbe ni saba, na watatu lazima wawe wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Kwetu watatu walikuwepo kwenye karatasi. Mmoja alikuwa ameshahamia Manyoni, mwingine hakuwa akiitwa. Tukaomba wajazwe, mkutano mkuu ukaidhinisha.

Waume mtasema nao vipi? Mimi nilishindwa miaka miwili nikiwaambia habari za wake zao. Mume akisikia "haki ya mke" anasikia talaka. Siku moja nilimuuliza shemeji yangu mmoja, mkali kuliko wote: "Shemeji, binti yako akifukuzwa huko alikoolewa, atapewa shamba gani kule?" Akafikiri. "Hatapewa." "Na hapa kwenu?" Hakujibu, lakini jioni alikuja kuuliza picha ya paspoti ni bei gani. Aliandikisha jina la mkewe, na kipande kingine kwa jina la binti. Tangu siku hiyo naanza na mabinti.

Kwa wale wanaosema mke hakuchangia kwa sababu alikuwa jikoni tu, waambie habari za Bi Hawa Mohamed. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Yeye mwenyewe hakuongezewa kitu siku ile; waliofaidi ni waliokuja nyuma yake. Na Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mnunuzi mwerevu huuliza mke yuko wapi. Wakumbusheni watendaji waulize.

Kuna jambo watu wa semina hawalisemi sana. Mwanamke akianza kushika hela, nyumba nyingine hutulia na nyingine huwaka moto. Mwaka wa pili mwenzetu alikuja kikaoni na jicho limevimba, siku baada ya kukopa. Tulikosea: tukalizungumza kikaoni, watu 20, na jioni mume alikuwa ameshasikia. Usifanye hivyo. Chagueni wawili wanaojua kunyamaza, mmoja awe mtu mzima, na hao ndio wa kuendewa. Aliyeumizwa apelekwe kutibiwa kwanza, kisha Dawati la Jinsia na Watoto polisi akitaka mwenyewe. Ikihusu mtoto kuna simu ya bure, 116. Nauli itoke mfuko wa jamii bila kuulizwa sababu. Sisi tumeandika kwenye katiba "safari ya dharura", maneno mawili tu, na katibu haandiki zaidi ya hapo.

Wanaume kikundini? Tunao wanne, wawili wajane wa kiume. Hawashiki ufunguo wala uenyekiti. Wameridhika, na mmoja ndiye mhesabu hodari kuliko wote.

Mwanangu, ulisema kule kwa mama mkwe wako wanakutana Jumamosi ya kwanza baada ya mnada. Waende asubuhi, kabla ya foleni ya maji. Hela ya sanduku warudishiane kama nilivyosema, wataichanga tena mwezi ujao. Mahindi msinunue, azimeni kisahani kwa mwenye nyumba, na mkimaliza kuhesabu yaokoteni yote vumbini mumrudishie, maana mwezi huu hakuna mwenye mahindi ya kuchezea.